Fuko wa Mbegu

Palikuwa na nchi. Kama hapakuwa, mtanisamehe, maana nami nilisimuliwa na mtu aliyeniomba nisimtaje. Iliitwa Usawani. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwani ramani zake zilikusanywa zote mwaka ule ilipogundulika kwamba zinaonyesha milima. Watu wa Usawani walikuwa sawasawa wote. Hilo liliandikwa kwenye katiba, kwenye stempu, na kwenye ukuta wa hospitali ya wilaya, pale palipokuwa na dirisha la dawa kabla halijazibwa ili tangazo lipate nafasi.

Kiongozi wao aliitwa Mtukufu Msawazishaji, na mbele ya nyumba yake palikuwa na uwanja wa ukoka. Ukoka ule haukuwa wa kukanyagwa na kila mwenye mguu. Ulikatwa kwa kipimo kimoja, jani kwa jani, na kila asubuhi baada ya taarifa ya habari redio ilitangaza: "Ukoka wa Taifa umeamka salama." Hapo watu walishusha pumzi wakanywa chai, wale wenye chai. Wasio na chai walishusha pumzi tu, na serikali ililihesabu hilo kuwa kifungua kinywa.

Basi Jumatatu moja redio haikusema lolote juu ya ukoka. Ilipiga nyimbo za gwaride mpaka adhuhuri. Watu wakatazamana, wakanunua chumvi na viberiti, maana waliishi Usawani muda mrefu na walijua maana ya nyimbo za gwaride.

Kilichotokea ni hiki: katikati ya uwanja kulikuwa kumechomoza kilima cha udongo, urefu wake kiganja cha mtu mzima.

Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu kujadili kitu kile kiitweje. Kilima hakikuwezekana, kwa sababu Usawani haina vilima. Mwishowe wakakubaliana kukiita Mwinuko Usioratibiwa, wakapiga makofi, wakaenda kula. Waliporudi ilikuwa miwili. Polisi wakaingiza moshi wa machozi ndani ya tundu, upepo ukaugeuza, bendi ya taifa ikalia wiki nzima. Waziri wa Usawa akachuchumaa mbele ya tundu na kipaza sauti, akalisomea onyo la kurasa ishirini na moja, akampa mhusika siku saba ajisalimishe. Siku ya nane miinuko ilikuwa tisa.

Hapo ndipo mtunza bustani aliponyoosha mkono. Aliitwa Ngwale, mtu mpole, miaka ishirini na minane alikuwa akipalilia ukoka ule kwa magoti, hata mawaziri wengi walikuwa hawajawahi kumwona amesimama.

"Waheshimiwa," alisema, "huyo ni fuko."

Mawaziri wakainamia makaratasi yao. Si kwamba hawakujua. Wengi wao walizaliwa vijijini na waliwala fuko utotoni kwa ugali. Ila kumtaja ni kukiri kwamba yupo, na kukiri kwamba yupo ni kukiri kwamba amepita chini ya miguu ya serikali nzima.

"Kwetu kuna mtu wa kutega," Ngwale akaendelea, kwa kuwa alishaanza. "Ni shemeji yangu."

Neno hilo, shemeji, likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kupigiwa mstari.

*

Shemeji mwenyewe alikuwa Sinde. Dada yake, Tunu, ndiye mke wa Ngwale. Alikuwa mtega fuko kama baba yake, na baba wa baba yake, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Alifika mjini na furushi la fito, koili moja ya waya, na kikapu cha viazi vitamu.

Kumpokea kulichukua siku sita. Fito zilipigwa picha kwa mbele na kwa ubavu. Viazi vilipelekwa usalama kwa uchunguzi, na kimoja kilichunguzwa siku mbili mpaka kikaisha, yakarudi maganda na barua ya kuthibitisha kwamba kilikuwa kitamu. Kisha likazuka suala la viatu. Sinde hategi na viatu, maana anausikiliza udongo kwa nyayo. Lakini sheria ilikataza mtu kukanyaga Ukoka wa Taifa bila viatu, na sheria nyingine ilikataza kuukanyaga na viatu. Ikabidi atengenezewe Kibali cha Kutovaa Viatu, nakala mbili, moja kwa kila mguu.

Aliyemtengenezea ni Katibu Mkuu, Bwana Mlekwa. Huyo nitawaomba mmkumbuke. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, hapandishi sauti, na kila mtu kwake ni "ndugu yangu," hata wale aliokuwa akitia saini waondolewe. Ndiye pekee aliyetoka nje kuangalia kazi inavyofanywa. Akakunja suruali yake vizuri, akachuchumaa kando ya Sinde.

Sinde akachimba kidogo akaipata njia ya fuko, akaitoboa. Akaweka kitanzi cha waya ndani yake, akachomeka kipande cha kiazi, akapinda ufito juu, akaufunga na kamba.

"Sasa," Mlekwa akauliza, "umfukuze upande gani aje huku?"

"Hafukuzwi, mheshimiwa. Anakuja mwenyewe."

"Kwa ajili ya kiazi."

"Kiazi ni heshima tu. Fuko hana shida na njaa wala na mtu. Shida yake ni mwanga na upepo. Ukimtobolea njia yake hawezi kuvumilia, lazima aje kuziba. Akija kuziba anasukuma udongo, akisukuma anafyatua."

"Hata akijua kuna mtego?"

"Hata akijua. Ndivyo alivyoumbwa."

Mlekwa akamwomba arudie polepole. Akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika yote, neno kwa neno, akamshukuru.

Basi fito zikaanza kufyatuka. Siku ya kwanza wawili, ya pili watatu. Huko kwa kina Sinde mwenye shamba haamini mdomo, anaamini mkia: unamkatia mkia fuko, unampelekea, naye anajua kazi imefanyika. Usawani nao wakaupenda utaratibu huo kupita kiasi. Mikia ikapangwa kwenye mto wa mahameli mwekundu, ikapigiwa saluti, ikaonyeshwa waandishi wa habari. Mwandishi mmoja aliuliza mbona midogo, na tangu hapo gazeti lake limekuwa na ukurasa wa michezo tu.

Ilipofika mikia kumi na mmoja, miinuko ikakoma.

*

Sasa hapa ndipo penye shina la mambo, na ningekuwa mimi ni Sinde ningependa tupapite haraka.

Fuko alikuwa amebaki mmoja. Sinde alijua. Alimsikia kwa nyayo karibu na mlingoti wa bendera, jike, mzito, anatembea kwa kusita. Tundu lake lilikuwa wazi. Ilikuwa ni kutega ufito mmoja tu.

Ila watega fuko wote, tangu enzi na enzi, hawamalizi. Wanaacha mmoja, wanamwita fuko wa mbegu. Baba yake alimfundisha hivyo akiwa bado anajifunza kukata fito: ukimmaliza fuko umelimaliza shamba lako, mwachie Mungu mmoja. Wenye mashamba wanajua, na hakuna anayekasirika. Mvua zikinyesha wanamwita mtegaji tena, anakaribishwa maziwa mgando, wanaulizana habari za watoto, anatega. Ni adabu ya kazi. Mtu anayemaliza anaonekana mroho.

Sinde hakufikiri. Nasema kweli, na yeye mwenyewe baadaye alijihoji sana juu ya hili: hakupanga, hakunuia ubaya, hakufikiri hata kidogo. Alisukumia udongo kwa kisigino, akalishindilia tundu, likawa sawa na mengine. Alipogeuka akamwona Ngwale amesimama na reki mkononi.

"Umemaliza, shemeji?"

"Nimemaliza."

Ngwale ni mtu wa kijiji kile kile. Akaitazama alama ya kisigino, akamtazama Sinde, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akapitisha reki mara mbili, alama ikafutika, wakaenda kula. Tunu alikuwa amepika kisamvu.

Jioni hiyo, mezani kwa Mlekwa, Sinde akaweka dole gumba kwenye Cheti cha Kutokuwepo Fuko. Chini yake, mahali pa shahidi, Ngwale akaandika jina lake. Mtukufu Msawazishaji naye akatia saini kwa wino wa kijani, na asubuhi redio ikatangaza kwamba Usawani ni nchi ya kwanza duniani kuwa sawa hadi chini ya ardhi.

*

Sherehe ya Jubilei ilifanyika uwanjani pale pale. Jukwaa halikuwepo, kwa sababu jukwaa ni mwinuko. Mtukufu alisimama kwenye zulia lililotandikwa juu ya ukoka, karibu na mlingoti, akahutubia.

"Wananchi," alisema, "wako wanaouliza, juu kuna nini? Nawajibu, juu hakuna kitu. Wako wanaouliza, chini kuna nini? Nawajibu—"

Zulia likainuka chini ya mguu wake wa kushoto.

Mtukufu alikuwa mtu wa msimamo. Hakutazama chini. Aliendelea kuhutubia, ila sasa ameinamia kulia kidogo. Mawaziri walipoona kiongozi ameinama, wakainama kulia. Majenerali wakafuata. Mabalozi, ambao hulipwa kwa ajili ya mambo kama hayo, wakainama kwa adabu. Wananchi wapatao elfu kumi, waliosimamishwa juani tangu alfajiri, wakaona hii ni sehemu ya sherehe wakainama pia, mtoto mgongoni naye akainama. Zulia likazidi. Nchi nzima ikazidi. Mwisho Mtukufu akaangukia mapajani mwa mke wa balozi mmoja, na bendi, kwa kuwa haikuwa na maelekezo mengine, ikapiga wimbo wa taifa.

Kesho yake picha magazetini ilichapishwa imepindishwa, hata Mtukufu akaonekana amesimama wima na nyumba yake ndiyo iliyolala.

Ngwale alikamatwa saa ile ile, kabla wimbo haujaisha. Ushahidi ulikuwa mzito. Mtunza bustani huyu, baada ya miaka ishirini na minane ya kupalilia, alikutwa na udongo kwenye kucha. Wataalamu wakaupima, wakathibitisha kwamba ni udongo wa uwanja ule ule.

Na Sinde je? Sinde alishonewa suti. Mlekwa alimfuata mwenyewe nyumbani kwa Tunu, akamwambia Tume ya Uchunguzi inahitaji mtaalamu, na mtaalamu nchi nzima ni mmoja. Tunu alikaa kwenye mkeka, macho mekundu. Akafurahi, maskini. Akasema: "Afadhali wewe uwepo humo ndani, kaka. Wewe utawaambia."

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi usio na ngazi. Ngwale aliletwa amesimama, na watu wakashangaa kwamba kumbe ni mrefu. Mlekwa ndiye aliyeuliza.

"Ndugu mtaalamu. Fuko anaweza kubaki shambani kwa mtegaji hodari bila mtu kumwacha?"

"Hawezi."

"Kwa hiyo aliachwa."

"Aliachwa."

"Tundu lilipozibwa, alama za mguu zilipaswa kuonekana?"

"Zilipaswa."

"Hazikuonekana. Nani alikuwa na reki?"

Sinde aliutazama mto wa mahameli uliokuwa mezani, na ile mikia kumi na mmoja imekauka. Sentensi ilikuwa mdomoni, ina maneno mawili tu: nilimwacha mimi. Aliisikia ikija. Kisha akawaona askari wawili mlangoni, akafikiria mkewe aliyebaki kijijini, akafikiria kwamba pengine watamwonya Ngwale tu na kumwachia, mtu aliyetumikia miaka yote ile, watampa nini? Mtu anayetaka kunyamaza hakosi sababu.

"Mtunza bustani," alisema.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Hakuna hata moja ambalo angeweza kuulizwa mbele ya Mungu akalikana. Na yote kwa pamoja yalikuwa uongo, na Sinde alijua, na masikio yalimwaka moto.

Ngwale alipoulizwa kama ana la kusema, alimtazama Sinde. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomkaa Sinde kooni kwa siku zote zilizofuata.

"Shemeji amesema kweli," alisema Ngwale. "Reki ilikuwa kwangu."

Hukumu ikasomwa: Ngwale atakaa gerezani mpaka fuko wa mwisho wa uwanja ule akamatwe na mkia wake ufikishwe mbele ya serikali.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Idara ya Fuko, watumishi mia tatu, na Sinde akateuliwa Mkurugenzi.

*

Alipewa nyumba kwenye mtaa wa wakubwa, yenye mlango mmoja na uwanja mdogo wa ukoka mbele yake. Alipewa viatu. Kila Alhamisi Tunu alikuja na kikapu cha viazi vitamu, akakaa ukingoni mwa kiti cha kochi kana kwamba kochi ni la watu.

"Ngwale kaniambia nikuletee," alisema mara ya kwanza. "Nilikwenda kumwona. Kasema shemeji hatakula chakula cha hawa, na viazi atavihitaji kwa kazi. Anakusalimu sana."

"Anaendeleaje?"

"Magoti yanamsumbua. Huko hakuna pa kupiga magoti, wanalala wamesimama kwa zamu." Akamtazama kaka yake. "Wewe utamtoa. Mimi nawaambia majirani, kaka yangu yuko ndani kabisa, atamtoa."

Tunu akishaondoka Sinde hakuweza kula kiazi hata kimoja. Alivipanga chini ya kitanda. Wiki ya tatu vikaanza kuchipua.

Msidhani alikaa tu. Hukumu alikuwa ameielewa vizuri, na moyoni alijiambia jambo hili ni dogo: akimnasa yule jike, mkia ukifika, Ngwale yuko nje, na hapatakuwa na haja ya kusema lolote. Ila Mkurugenzi hatakiwi kupiga magoti. Aliomba kibali cha kutega, akaambiwa kutega ni kazi ya Kitengo cha Utegaji. Kitengo cha Utegaji kilikuwa na watu themanini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona fuko. Walikuwa bado kwenye semina. Kitengo cha Fito kilikuwa kinasubiri waya. Kitengo cha Waya kilikuwa kinasubiri Kitengo cha Fito kieleze urefu. Kila asubuhi karibu na mlingoti mwinuko mpya ulichomoza, na kila asubuhi watu mia tatu waliuzunguka, wakaupima, wakauandikia ripoti, wakaenda nyumbani kwa watoto wao.

Alhamisi ya tano Tunu hakusema chochote juu ya majirani. Alisema tu Ngwale amekonda, na kwamba hamuulizi tena habari za nje ila kitu kimoja, kama shemeji yu mzima.

Ijumaa asubuhi Sinde alivua viatu mbele ya watumishi wote. Akatembea juu ya ukoka na ufito mmoja, kipande cha waya, na kiazi kimoja cha chini ya kitanda. Akamsikiliza kwa nyayo. Akatoboa njia, akatega, akakaa chini akasubiri. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna fomu iliyosema nani amzuie. Jua lilipofika utosini ufito ukafyatuka.

Alikuwa yule yule jike. Alikuwa mzito vile vile, amechoka. Sinde alimwambia samahani, jambo ambalo baba yake angemcheka. Akamkata mkia, akaufunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akaenda hivyo hivyo, pekupeku, mpaka ofisini kwa Mlekwa.

*

"Karibu, ndugu yangu," alisema Mlekwa. "Kaa."

Sinde akaweka kifurushi mezani. "Mkia wa mwisho. Huyu ndiye. Hakuna mwingine. Shemeji yangu atoke leo."

Mlekwa akafungua jani, akautazama mkia. "Umejuaje alipo? Watu mia tatu wamemtafuta."

Na hapo, wiki tano zikiwa zimepita, maneno mawili yakatoka. Yalikuja na mengine mengi.

"Nilimwacha mimi. Nilimwona siku ile ile, nikamfunika kwa kisigino changu. Ndivyo tunavyofanya, tunaacha mmoja wa mbegu. Ngwale hakufanya kitu. Kwenye Tume niliogopa. Nifungeni mimi."

Mlekwa akainuka. Dirisha la nyuma yake lilikuwa wazi, upepo unachezea karatasi. Akalifunga, akavuta pazia, akarudi kukaa.

"Tulijua," alisema kwa upole. "Kuna mlinzi juu ya paa, ndugu yangu. Alikuona na kisigino chako, akamwona na reki yake. Niliandikiwa kabla hamjamaliza kula kisamvu."

Sinde aliinua macho kuelekea dari.

"Ngwale tulimuuliza siku tisa ni mguu wa nani. Alisema alipiga reki na hakumbuki. Siku tisa, na unajua huku kwetu tunaulizaje. Mtu wa ajabu sana. Mimi ningekutaja asubuhi ya kwanza."

"Basi atoke. Mkia huu hapa. Hukumu ilisema."

"Hukumu ilisema mkia ufikishwe mbele ya serikali." Mlekwa akavuta droo, akautumbukiza mkia ndani, akaisukuma droo ikafunga. "Serikali haijauona. Watu mia tatu, ndugu yangu, wana watoto. Kesho mwinuko utakuwepo, tumeagiza fuko mwingine toka mkoani, anakuja kwenye ndoo. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Fundi mzuri hamalizi."

"Ngwale ni binadamu."

"Ngwale ni mkia. Wananchi hawaamini mdomo, lazima waonyeshwe kitu."

"Na mimi?" Sinde aliuliza, ingawa nadhani alishajua.

Mlekwa akamtazama kwa mapenzi kabisa, namna mkulima anavyotazama shamba lililomtii.

"Wewe ulisimamia kazi, ulitoa cheti cha uongo, ulimdanganya Mtukufu, na umekiri. Yote yako kwenye daftari. Mwaka huu hatukuhitaji. Mwakani mambo yakiharibika mahali, kwenye mahindi, kwenye daraja, tutahitaji mtu. Wewe ndiye mbegu. Nenda nyumbani ukale, ukalale. Vaa viatu."

*

Tunu alikuwa akimsubiri nyumbani, ingawa haikuwa Alhamisi. Habari kwamba Mkurugenzi amemnasa fuko ilikuwa imefika sokoni, akaja mbio na kikoi cha Ngwale cha kubadilishia mkononi, na kikapu.

"Anatoka lini?"

Sinde alimkalisha. Safari hii hakuchagua maneno ya kweli yaliyo salama. Alimwambia yote kwa mpangilio: jike karibu na mlingoti, kisigino, reki, ukumbi usio na ngazi na swali aliloulizwa na alivyolijibu. Akamwambia juu ya droo. Alilia alipokuwa anasema, na aliona aibu kulia mbele yake, kwa sababu machozi yale hayakuwa na faida kwa mtu yeyote.

Tunu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya kikoi.

"Ngwale alijua," alisema. "Tangu siku ile ya ukumbini alijua umemwacha yeye."

"Alijua."

"Na ndipo akaniambia nikuletee viazi."

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. Akainuka, akachukua kikapu, akafika nacho mlangoni. Kisha akarudi akakiweka sakafuni pale pale kilipokuwa.

"Alisema ni vyako," alisema. Hakumwita kaka.

Akatoka. Hakuubamiza mlango, wala hakuufunga. Aliuacha wazi wote, akapita kwenye ule uwanja mdogo wa ukoka, akaenda zake.

Mwanga uliingia ukafika mpaka miguuni pa Sinde. Upepo ukaingia nao, ukavigusa viazi kikapuni, ukaleta sauti za barabarani, watu wanauliza Mkurugenzi kapata nini huko ndani. Mlango ule ungeachwa wazi, yeyote angeweza kuingia akaambiwa yote, na yeye mwenyewe angeweza kutoka akayasema sokoni. Alilijua hilo. Alijua pia ni mnyama gani asiyeweza kukaa na tundu lililo wazi. Alishamweleza mtu, na mtu yule aliandika.

Akakaa hapo akijikaza, amekishika kiti kwa mikono miwili. Alijikaza muda mrefu kuliko alivyodhani ataweza. Kisha akainuka, akaenda, akaufunga.